Kiwanja Alichopewa Nyamburi

Nyamburi binti Magesa alikuwa na hasira, na sitaki mtu anipambie hapa kwamba zilikuwa hasira za kitakatifu. Zilikuwa hasira tu, za mtu aliyezaliwa nazo. Mama yake kule Butiama alikuwa akisema kwamba watoto wengine wakizaliwa hulia, huyu alizaliwa akigomba. Musoma nzima iliijua sauti yake. Ukimwona mchungaji anakimbia barabarani na ng'ombe wake wanamtangulia mikia juu, ujue wametoka bustanini, na Nyamburi yuko nyuma yao na fagio.

Kazi yake ilikuwa bustani na michezo ya mji. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mlango wa chumba chake, chumba ambacho zamani kilikuwa cha kuwekea vifagio na ambacho bado kilikuwa na vifagio. Humo ndimo alimopanga nani acheze nini, lini na wapi: netiboli ya akina mama Jumatano, kandanda Jumamosi, ngoma za mashindano kabla ya Saba Saba, bao la wazee kwenye baraza la ukumbi, bembea za watoto alizozichonga Yunusu fundi seremala, na bustani mbili ambazo mbuzi wote wa mji waliamini zimepandwa kwa ajili yao. Wanaume wanne walikuwa wamepewa kazi hiyo kabla yake, wakaikimbia mmoja baada ya mwingine kwa sababu haikuwa na gari wala safari za semina. Ikamwangukia Nyamburi, ambaye hadi siku hiyo alikuwa mfagiaji.

Kufagia alianzia kwenye bustani ya klabu moja kando ya ziwa, miaka miwili kabla ya Uhuru. Wazungu walikaa kwenye viti vya kamba wakinywa vitu vyao, na watoto wa mji walisimama nje ya ua wa minyaa wakiutazama mpira wa tenisi unavyokwenda na kurudi. Nyamburi alifagia na kungoja. Alikuwa amesikia kwenye mikutano kwamba nchi inakuja kuwa yetu, na yeye, kwa akili yake ya kijana, alijua kabisa lango lipi litafunguliwa kwanza.

Uhuru ukaja. Watu wakacheza ngoma mpaka visigino vikapasuka. Baada ya miezi michache viti vile vya kamba vikakaliwa na mabwana wengine, weusi kama mimi na wewe, wakaagiza vinywaji vilevile, na watoto wakabaki nje ya minyaa ileile. Siku moja bwana mmojawapo akamwambia Nyamburi awafukuze watoto wale, wanapiga kelele. Nyamburi akaliegemeza fagio lake ukutani.

"Hawa sio ndio mliwaambiaga wamejitawala?" akauliza. "Au wamejitawala mpaka kwenye ua tu?"

Angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo kama si mumewe, Burito, karani mpole wa bandarini, kwenda kumwombea radhi. Nyamburi hakumsemesha Burito kwa wiki mbili. Lakini neno lile lilitembea mjini, na ilipofika mwaka 1964, kazi ya bustani na michezo ilipokosa mtu, mzee mmoja wa baraza akasema apewe yule mwanamke mgomvi, atakuwa na pa kupelekea kelele zake.

Alichotaka kwanza ni kiwanja cha watoto wa Nyakato. Wakati ule Nyakato ilikuwa nyumba chache na mashamba mengi, na watoto walichezea barabarani, mpaka lori la pamba lilipomkanyaga mmoja wao mguu. Nyamburi akazunguka kutafuta pahali tambarare. Kila alipofika palikuwa na mawe, au mwenyewe mkali, au vyote viwili. Palikuwa na pahali pamoja tu pazuri, shamba la mihogo la Wankyo, mjane wa Masatu mvuvi. Lilikuwa limenyooka, udongo wake laini, na mihogo imesimama kifuani kwa mtu.

Ofisi ikataka kumwandikia mjane barua ya kumhamisha. Nyamburi akasema barua hiyo wakiipeleka, yeye ataipeleka tena ofisini ikiwa imetafunwa. Akaenda mwenyewe, jioni, na jembe begani.

Wankyo alikuwa anapalilia. Hakuinua mgongo. "Nyie watu wa ofisi mnakujaga na makaratasi. Karatasi yako iko wapi?"

"Sina, mama. Nina jembe."

"Basi lima."

Akalima. Alilima jioni hiyo na kesho yake, na wiki tatu nzima kila alipotoka kazini, na katika wiki hizo hawakuzungumza hata mara moja habari ya kiwanja, ambayo Nyakato nzima ilikuwa inaijua. Walizungumza habari za samaki, za waume, za wakwe, na jinsi mvua za siku hizi zinavyokuja kama mgeni asiyetaka kula. Siku ya mwisho Wankyo aliegemea mpini wa jembe lake akamtazama huyu mwanamke wa ofisi aliyekuwa na malengelenge viganjani.

"Shamba nitakupa," akasema. "Sio ofisi, wewe. Ofisi simjui. Watoto wacheze hapa. Lakini unisikie vizuri, mwanangu. Siku shamba hii ikilimwa tena, nitalima mimi."

"Haitalimwa, mama."

"Sijakuuliza kama italimwa. Nimekuambia nani atalima."

Akamtemea mate kidogo kifuani na viganjani, kama wazee wa kwao wanavyobariki, na Nyamburi akaitikia kwamba amepokea. Kisha wakaing'oa mihogo wawili hao, mingine mizizi yake bado myembamba kama vidole. Wankyo akapewa shamba jingine mbali kule mlimani, ambako mawe yalikuwa mengi kuliko udongo. Nyamburi aliliona shamba hilo mara moja na akaona haya, akajiambia kwamba kiwanja kikiwa kizuri ataweza kumtazama mama huyu usoni.

Kwa hiyo akakifanya kizuri. Ukoka wa kwanza aliuchimba Murangi, kando ya ziwa, akaupakia kwenye lori lililokuwa linarudi tupu, akaupandikiza kipande kwa kipande. Nusu ukafa. Akaenda tena. Akina mama wa netiboli wakawa hawaruhusiwi kucheza kabla kila mmoja hajamwaga madebe mawili ya maji, na ole wake aliyemwaga pahali pamoja. Ng'ombe waliingia, akawafukuza. Harusi moja iliingia na ngoma yake, akaifukuza pia, na bibi harusi akiwamo. Miaka mitatu ilipita hivyo, na mwaka wa nne kiangazi kilipokausha kila kitu mpaka Bunda, Nyakato kulikuwa na kipande kimoja cha kijani.

Watu walivua viatu kukanyaga pale. Sisemi uongo. Wanaume wazima walivua viatu.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Penina, muuza samaki, ambaye mikono yake ilinuka sato kutoka asubuhi mpaka jioni, alikuwa mfungaji ambaye akisimama chini ya goli unaweza kuanza kuhesabu. Timu ilipanda lori la pamba kwenda Bunda kucheza na wanawake wa kule, ikawafunga kwao mbele ya waume zao. Timu ya Butiama ikaja Nyakato ikafungwa, na Nyamburi, mzaliwa wa Butiama, alishangilia bila haya. Wankyo hakukosa Jumatano hata moja. Aliketi pembeni na sinia la mihogo ya kuchemsha, akiuza kidogo na kuwatukana waamuzi sana. Mchezo ukiisha Nyamburi aliketi naye, wakala mihogo iliyobaki, na Wankyo akamweleza kosa la kila mchezaji kama vile yeye ndiye aliyeuleta mpira wa pete duniani.

Hayo ndiyo yaliyokuwapo. Nataka uyajue kabla sijamleta Ndugu Clementi.

Ndugu Clementi alikuja mwaka 1972, mambo ya mikoa yalipopangwa upya na ofisi zikabadilisha majina, viti na wakubwa. Akawa mkuu wa idara, na Nyamburi akawa chini yake. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi. Mimi ningependa angekuwa mlevi, maana mlevi hufika saa akalala. Clementi hakulala. Alikuwa mtu wa kuogopa juu, na mtu wa kuogopa juu haoni kilicho chini mpaka akikanyage. Amri ikishuka kwamba jambo lifanyike, yeye alilifanya mara mbili, ili mtu asije kusema amelifanya nusu.

Mwezi wa saba mwaka 1974 ikaja habari kwamba mgeni mkubwa kutoka makao makuu atapita Musoma na kuhutubia mkutano wa hadhara. Clementi akaenda kuutazama uwanja wa mikutano. Ulikuwa vumbi. Sasa, ungetegemea nini mwezi wa saba? Jukwaa lilikuwa limejengwa, mawe yamepakwa chokaa, mapambo ya migomba yamefungwa, na mbele ya jukwaa pale ambapo mgeni angetupa macho palikuwa vumbi jekundu. Clementi hakula siku hiyo. Kesho yake akamwita Nyamburi.

"Ndugu Nyamburi, ule ukoka wa Nyakato. Tunauhitaji mbele ya jukwaa."

Nyamburi alidhani anataniwa. "Ukoka sio busati, Ndugu Clementi. Haukunjwi."

"Unakatwa na udongo wake, unapakiwa kwenye tela. Mgeni akishaondoka mtaurudisha."

"Ukikatwa mwezi huu unakufa. Hapo jukwaani utakufa, na Nyakato utakuwa umekufa. Watoto watachezea wapi?"

"Watoto wanaweza kusubiri. Mgeni hasubiri."

Alimjibu mengi, na sitayaandika yote kwa sababu kitabu hiki huenda kikasomwa na watoto. Ofisi nzima ilisikia. Lakini trekta lilikuwa limeshatoka, na alipofika Nyakato akihema vibarua kumi na wawili walikuwa katikati ya kiwanja na majembe na mapanga, wanakata ukoka vipande kama mikate na kuupanga kwenye tela. Nyamburi alimnyang'anya mmoja panga. Alimnyang'anya wa pili. Wa tatu akamwambia kwa upole, "Mama, na sisi tumetumwa," na hapo akayatua mapanga yale, maana kibarua ukimnyang'anya panga anayekosa ujira wa siku ni yeye, si Clementi. Walichimba mpaka mizizi, eti vipande visije vikavunjika njiani. Jioni kiwanja kilikuwa kimechunwa chote.

Siku ya mgeni ukoka ulitandikwa mbele ya jukwaa, umemwagiwa maji, kijani kibichi, na Clementi akautembelea kwa ncha za viatu. Alichosahau ni kwamba yuko Mara. Wazee wa upande wa Bunda walikuwa wameleta ng'ombe sita, zawadi ya mgeni, kama ilivyo heshima ya kwao. Ng'ombe hao walikuwa wametembea na kusimama juani tangu alfajiri, na mgeni alichelewa kwa saa nne. Kwa maili zote ulizoweza kuona palikuwa na pahali pamoja tu penye majani mabichi. Kwaya ilipoanza kuimba na mgeni kushuka garini, wachungaji wakanyoosha shingo kumtazama, na ng'ombe nao wakanyoosha za kwao.

Walikula wote sita, vichwa chini, mbele ya jukwaa, bila haraka. Polisi mmoja alimvuta mmoja mkia akapigwa teke. Mgeni alicheka mpaka akafuta macho, akasema amefurahi kuona ng'ombe wa Mara wamekaribishwa vizuri kuliko yeye, akahutubia dakika ishirini akaondoka. Watu walicheka wiki nzima. Nyamburi alisimama nyuma ya umati na hakucheka. Alikuwa anatazama miaka mitatu ya madebe ya maji inavyotafunwa.

Clementi akamwandikia barua ya onyo kwa kutoweka ulinzi kwenye majani.

Ukoka haukurudi Nyakato, kwa sababu hapakuwa na cha kurudisha. Wakacheza juu ya vumbi. Penina akateleza akachubuka goti, mpira ukawa unaruka ovyo kwenye mashimo ya majembe, na timu mbili zikaacha kuja. Nyamburi akapanga kungoja mvua aende tena Murangi. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mgongo unauma, na alikuwa tayari kuanza upya. Hilo nalitaka liandikwe mahali.

Mvua za vuli zilikaribia, na pamoja nazo ikaja kampeni. Chakula kilikuwa kimekuwa haba nchi nzima, na watu wote, wa mjini na wa kijijini, waliambiwa walime kwa kufa na kupona. Sina ugomvi na amri hiyo. Njaa ilikuwapo, na mtu mwenye njaa hali ukoka. Lakini huku kwetu pembeni mwa mji ardhi ya kulima ilikuwa tele mpaka milimani, imelala. Ndugu Clementi hakuangalia huko, kwa sababu huko ni mbali na barabara, na shamba lililo mbali na barabara halionekani na wakubwa wanaopita. Akaunda kamati ya watu watatu ikague viwanja visivyotumika. Kamati ikapita Nyakato Jumatatu saa nne asubuhi, watoto wako shuleni, mama zao sokoni. Ikaona vumbi. Ikaandika: ardhi tupu, inafaa kwa mihogo.

Nyamburi aliisikia kwenye mkutano wa idara. Alisimama kabla msomaji hajamaliza.

"Tupu? Nani aliifanya tupu?"

"Ndugu Nyamburi, tusirudi nyuma," Clementi akasema. "Tuko kwenye kufa na kupona."

"Na huko kufa mnaanzaga na watoto? Uwanja mmechuna nyie, na nyie ndio mnakuja kusema hauna ngozi!"

"Kaa chini."

"Kuna mama alinipa ardhi ile kwa neno. Nilimwambia haitalimwa."

Clementi akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulimwambia kwa mamlaka ya nani?"

Hakuna swali lililomchoma Nyamburi kama hilo maisha yake yote. Alikaa chini. Jioni alimgombeza Burito kwa habari ya chumvi, akavunja kikombe, akatoka akaketi uani peke yake.

Na sasa nifike kwenye kosa lake, maana alikuwa nalo. Hakumwambia Wankyo. Mtu aliyewafokea mabwana wa klabu, aliyemfukuza bibi harusi, aliyemnyang'anya kibarua panga, alishindwa kwenda kwa bibi kizee mmoja kumwambia mama, wanalima. Jumatano ya kwanza Wankyo alipouliza mbona nyasi hazipandwi na mawingu hayo yamekuja, Nyamburi alimwambia ardhi inapumzishwa kidogo. Jumatano ya pili akamwambia vilevile. Ya tatu, alipojibiwa yaleyale, Wankyo alimtazama kidogo zaidi, akamega kipande cha muhogo akampa, wala hakuuliza tena. Nyamburi alijiambia kwamba bado anapigana, kwamba atakwenda kwa mkubwa wa Clementi, na kweli alikwenda, akaketi kwenye benchi siku mbili, akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo ndiyo ilikuwa ya kupanda.

Ikawa Jumamosi asubuhi. Watumishi wa idara walipangwa mstari na majembe, kamba zimevutwa kuonyesha matuta yatakapopita, na ngoma moja ya kuwatia moyo. Yunusu seremala alikuwa amefika mapema kuliko wote, akachimbua milingoti yake ya magoli kimya kimya ili isije kuishia jikoni kwa mtu, na sasa alikuwa ameiegemeza ukutani kwa jirani na kusimama kando yake. Penina na wenzake walikuwa njiani kwenda sokoni, wakasimama na mabeseni kichwani. Clementi, ndani ya suti ya Chou En-lai, ile ya kola fupi ya viongozi, iliyopigwa pasi vizuri, alitoa hotuba fupi, kisha akamkabidhi Nyamburi jembe jipya.

"Wewe ndiye mwenye eneo," akasema. "Fungua tuta la kwanza, watu wakuone unaunga mkono."

Nyamburi alilishika jembe. Hata yeye baadaye hakujua angelifanyia nini. Alikuwa bado amelishika hivyo Wankyo alipoingia kiwanjani.

Alikuja na mzigo wa miti ya mihogo kichwani, imefungwa kwa kamba, na jembe lake limeisha nusu. Hakumsalimu mtu. Alipita katikati ya mstari wa watumishi, akautua mzigo pale lilipokuwa duara la katikati ya uwanja, akafunga nguo kiunoni akaanza kulima. Ngoma ikanyamaza.

"Bibi," Clementi akasema, "hili ni shamba la ofisi."

Wankyo alilima.

"Bibi, unanisikia? Mtu binafsi haruhusiwi hapa. Ndugu Nyamburi, mwondoe. Huyu ni mtu wako."

Hapo Wankyo akanyoosha mgongo, polepole, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Hakumtazama Clementi. "Huyu bwana simjui," akasema. "Nakuuliza wewe. Shamba hii nilimpa nani?"

"Mimi, mama."

"Nilisemaje?"

"Ulisema siku ikilimwa tena utalima wewe."

"Na Jumatano tatu ulikuwa unaniambiaga inapumzika."

Hakuisema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali Nyamburi angejua la kufanya, maana ukali alikuwa amekulia ndani yake. Aliisema kama anavyosema kwamba fulani alikosa goli. Nyamburi alizitafuta hasira zake zote, za minyaa, za tela, za ng'ombe, za barua ya onyo, azitupe kwa mtu, akakuta kila alipogeuka zinamrudia mwenyewe. Alikuwa amemdanganya mama huyu kwa sababu alitaka aendelee kuketi naye na kula mihogo yake. Aliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Nimekosa, mama," akasema, mbele ya idara yote.

Wankyo alisogea hatua moja pembeni, nafasi ya mtu mmoja.

Nyamburi akaziruka kamba za Clementi. Akalinyanyua lile jembe jipya akalishusha kwenye udongo ambao alikuwa ameumwagilia mwaka baada ya mwaka, na pale chini akakuta mizizi myembamba ya ukoka ambayo vibarua hawakuifikia, bado hai, nyeupe. Iliuma. Alikuwa anakizika kiwanja chake kwa mikono yake. Lakini hakuacha. Alimwinulia mama tuta, Wankyo akachomeka mti wa kwanza, wakasogea mbele. Penina alilitua beseni lake la samaki chini, akaomba jembe kwa mtumishi aliyekuwa karibu, na mtumishi akampa. Kisha wengine wa timu, mmoja mmoja.

Clementi aliwazunguka, viatu vinazama. Alisema hii ni hujuma. Alisema ataandika ripoti, atawataja wote. Hakuna aliyeinua mgongo. Mwishowe akaja akasimama mbele ya Nyamburi kabisa, uso umemjaa jasho.

"Unajua unachokifanya?" akamwuliza. "Umejifukuza kazi mwenyewe, leo hii, mbele ya mashahidi."

"Nimesikia," Nyamburi akasema. "Sasa sogea, Ndugu Clementi. Umesimama kwenye tuta la mama."